ESP32 inazingua? Kabla hujagusa programu, angalia umeme

Watu wakiniuliza kuhusu hizi bodi za ESP32 swali huwa ni lilelile, "nimenakili programu neno kwa neno na bado haifanyi kazi", na mi nawarudishia swali moja tu, unaiwasha kwa kutumia nini? Manake kwa miaka ninayochezea hivi vidubwana, asilimia kubwa ya vinavyoitwa matatizo ya programu ni waya, chaja na pini. Programu yenyewe inakuwa haina kosa kabisa.

Kwa ambaye bado hajaishika: ni kijibodi kinachoenea kiganjani, unakiandikia programu kisome sensa na kuwasha vitu, kina prosesa yenye viini viwili (core) inayofika megahezi 240, na waifai na Bluetooth vimo humohumo. Chipu ni ya Espressif, kampuni ya Shanghai, ilitoka 2016. Kabla yake kulikuwa na ESP8266 iliyovuma kuanzia 2014, na hadi leo ukiulizia madukani utaletewa bodi ya NodeMCU yenye chipu hiyo. Si mbaya, ila ina pini moja tu ya analogi (inayosoma volti ikipanda na kushuka, si ipo au haipo tu), ukitaka kupima udongo kwenye ndoo mbili za mchicha umeshakwama. Anayeanza leo achukue ESP32 tu.

Haya, umeme. Hii chipu inakula kwa kushtukiza. Ikitulia haina makuu, ila ile inapotuma kitu kwa waifai matumizi yanaruka ghafla, ndo maana Espressif wenyewe wanashauri chanzo chake kiweze kutoa angalau miliampia 500. Sasa wewe umechomeka kwenye USB ya laptopu ya zamani, kwa waya mrefu mwembamba wa mia tano mia tano, halafu hapohapo umening'iniza rilei (swichi inayowashwa na bodi) na sensa tatu na kijitaa kinachowaka, volti lazima ishuke, bodi inajizima inajiwasha inajizima, we unadhani programu ina kosa. Ukiona neno brownout kwenye skrini jua ni njaa ya umeme hiyo. Tafuta chaja ya simu ya ampia 2 iliyo nzima, waya mfupi mnene, na ukiweza weka kapasita (inatunza akiba kidogo ya umeme) ya mikrofaradi 100 kati ya pini ya 3V3 (volti 3.3) na ya GND (hasi), karibu kabisa na bodi (angalia hasi na chanya jamani, zile zinapasuka). Mtandaoni utakuta watu wanakufundisha mstari wa kuzima hiyo tahadhari ya brownout, achana nao, ni sawa na kubandika selotepu juu ya taa ya oili kwenye gari.

Na huo waya hakikisha unapitisha data. Waya nyingi zinazokuja na vitu vya kuchaji kama redio na tochi zina nyaya mbili tu ndani, za umeme, kwa hiyo bodi inawaka taa vizuri kabisa ila kompyuta haioni kitu. Jaribu waya mwingine kwanza ndo uhangaike na madereva (zile programu za kuifanya kompyuta iitambue bodi). Ukifika kwa madereva, soma maandishi kwenye kachipu kadogo karibu na tundu la USB, kama ni CH340 au CP2102, kila moja ina dereva yake. Ikigoma kupokea programu, inaandika tu nukta nukta nukta, shikilia kitufe cha BOOT mpaka ianze kupokea.

Pini nazo zina vituko vyake. 34, 35, 36 na 39 ni za kuingiza tu, hata ulie vipi haziwashi taa. Kuanzia 6 hadi 11 zimeshikwa na kumbukumbu ya bodi yenyewe, usiziguse. 12 ukiipa volti wakati bodi inawaka, haiwaki. Halafu pini za analogi za kundi la ADC2 (4, 13, 25, 27 na wenzake) hazisomi ukishawasha waifai, hii imewatesa watu sana kwa sababu bila waifai zinasoma vizuri tu. Sensa za analogi weka kwenye 32 hadi 36 na 39, utalala.

Projekti ninayompa kila mtu aanze nayo ni kupima maji ya simtanki, maana kila nyumba yenye tanki kuna mtu anapanda ngazi kuchungulia. Unafunga juu ya tanki sensa inayopima umbali hadi kwenye maji kwa mwangwi wa sauti. Usinunue ile HC-SR04 ya macho mawili kwa kazi hii, mvuke wa tanki utaila. Chukua JSN-SR04T isiyoingia maji, ila haisomi kitu kilicho karibu zaidi ya kama sentimita 20, kwa hiyo ifunge juu zaidi ya maji yanapojaa. Ukiiwasha kwa volti 5 na pini yake ya Echo (inayotoa jibu) inarudisha 5, wakati ESP32 inataka 3.3, so pitisha kwenye rezista mbili, ya kilo-om 1 upande wa sensa na ya 2 kwenda GND, katikati ndo unachomoa waya wa kwenda kwenye bodi.

Ikikataa waifai ya nyumbani angalia ruta, ESP32 hii ya kawaida inaona gigahezi 2.4 tu, ya 5 haiijui.

Kingine ambacho mafunzo mengi ya nje hayagusi kabisa: umeme ukikatika ukarudi, bodi inawaka haraka kuliko ruta. Inatafuta waifai haioni, na programu nyingi za mfano hapo ndo zinakata tamaa na kukaa kimya mpaka uje kuichomoa mwenyewe. Andika iwe inarudia kuunganisha kila baada ya sekunde kadhaa, na kama umefunga rilei ya pampu, hakikisha bodi ikiwaka pampu inaanza ikiwa imezimwa, kwa sababu rilei nyingi za bei rahisi zinawashwa na LOW (pini ikiwa haina volti), ukisahau hilo umeme ukirudi saa nane usiku pampu inaanza kuvuta hata kama kisima kimekauka.