Simu iende chumba kingine, kuigeuza kifudifudi haisaidii

Watu wengi wakilalamikia simu wanalalamikia masaa, ila mi kwa nilivyoona kwangu tatizo kubwa sio masaa, ni kukatizwa katizwa. Unafungua meseji ya mistari miwili, unaisoma, unaweka simu, hata dakika haijaisha, lakini ukirudi kwenye ulichokuwa unasoma akili hairudi yote, nyingine imebaki kule unawaza utajibu nini. Mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu hili mwaka 2009, kwamba ukihama kazi moja kwenda nyingine mawazo mengine yanabaki ulikotoka. Sasa mtu anahama hivyo siku nzima! Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alipopima mwaka 2004 watu walikuwa wanakaa kwenye skrini moja wastani wa dakika 2 na nusu ndo wahamie kitu kingine, miaka ya karibuni imeshuka mpaka sekunde kama 47. Sekunde 47 jamani, hapo unafikiria nini cha maana? Jambo lolote zito lina sehemu ya katikati inaboa, hujalielewa bado, na ni hapo hapo mkono unaenda kwenye simu bila kutumwa. Ndo maana siku hizi watu wanagombana hadi kublokiana juu ya habari ambayo wote wamesoma kichwa tu, na hili linaniuma kweli.

Kwahiyo ukitaka kusoma au kuandika kitu cha kueleweka, simu itoke chumbani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wa 2017 ulikuta walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kwenye majaribio ya akili kuliko waliokuwa nazo mezani, na simu zenyewe zilikuwa kimya. Alafu weka karatasi pembeni, likikujia lile wazo la "ngoja nicheki kitu fulani" liandike hapo uendelee, utakuja kucheki baadae na mengi utakuta hata huyahitaji tena. Mwanzoni utateseka, utarudia aya moja mara tatu na haiingii, usinyanyuke, mimi hapo ndo nilikuwa nakazana kukaa na taratibu akili ikaanza kurudi.

Kama unaogopa kupitwa na dharura, acha mlio wa kupigiwa tu, sauti ya juu, meseji zote kimya. Mwenye shida kweli atapiga.