Kona ya Wasomaji: Mbona mwenzangu analipwa kunizidi na chuo ni kimoja?

Safari hii mfuko wa barua umejaa vijana wetu wanaosoma Marekani, na kilio chao ni kimoja, vibarua vya kampasi na malipo yake. Nimejibu tano, nyingine zinafanana mno.

*Shikamoo mhariri. Niko mwaka wa tatu, nafanya kaunta ya maktaba tangu nifike. Ninayekaa naye chumba kimoja kaanza juzi tu kwenye dawati la kusaidia watu wa kompyuta na tayari ananizidi dola 2 kwa saa. Nimeuliza naambiwa mimi daraja la 1 yeye la 3. Hivi nani anapanga haya? Mwenye uzoefu si mimi? Maana mimi hadi Jumamosi nafungua maktaba peke yangu na wageni wote nawafundisha mimi. — Wa Kaunta*

Marahaba Wa Kaunta. Kwanza nikupoze, hakuna aliyekukalia kikao. Vyuo vingi vya kule vinapanga kazi za wanafunzi kwa madaraja, matatu, manne hivi, na kinachopangwa ni kazi, wewe humo haumo. Wanachukua karatasi ya majukumu wanaangalia, mtu anatakiwa ajue nini kabla hajaanza, bosi anamsimamia kwa karibu kiasi gani, akiharibu hasara yake ikoje, anasimamia wenzake au hapana, anagusa mambo ya siri kama maksi za watu. Kurudisha vitabu kwenye shelfu mtu unamfundisha asubuhi mchana anafanya mwenyewe, hilo linaangukia chini. Kutengeneza kompyuta ya profesa aliyepaniki dakika kumi kabla ya kipindi, hapo lazima uwe umekuja na ujuzi wako, linapanda. Miaka yako mitatu inahesabika ndiyo, lakini kwa kawaida ni nyongeza ya senti ndani ya daraja lako hilohilo, haikuvushi kwenda la juu.

Ila sasa ile sentensi yako ya mwisho ndiyo barua yenyewe, na wewe umeitupia mkiani kama salamu! Kufungua jengo peke yako maana yake una funguo, na nadhani na hela za asubuhi unazihesabu wewe, na hakuna mkubwa karibu wa kumuuliza kitu kikiharibika. Hiyo kazi haifanani na ya kupokea vitabu. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba karatasi iliandikwa zamani na mtu aliyeshahama, kazi ikaendelea kukua kidogokidogo, leo ushike funguo, kesho umwelekeze huyu mgeni, keshokutwa upange zamu, karatasi imebaki palepale.

Kwa hiyo chukua daftari, wiki mbili nzima andika unachofanya kwa kweli na muda wake. Usiandike "nasaidia wateja", hiyo kila mtu anaandika na haimwambii mpimaji chochote. Andika "Jumamosi saa tatu asubuhi nafungua jengo peke yangu, nahesabu fedha na kusaini, mwezi uliopita nimefundisha wapya watatu". Halafu omba muda na supavaiza wako, msikae kaunta watu wanapita. Usiruke moja kwa moja kwenda ofisi ya ajira za wanafunzi, maana kazi ikipimwa upya anayepeleka ombi ni yeye, na hela ya kukuongeza inatoka kwenye bajeti yake, ukimzunguka umejichongea. Nenda kabla muhula haujaanza maana katikati ya muhula bajeti imeshagawanywa.

Na usidharau tofauti ndogo. Dola 1 na senti 50 kwa saa, masaa 12 kwa wiki, wiki 15 za muhula, hiyo ni dola 270. Malipo ya nyuma lakini usiyategemee, mara nyingi daraja jipya linaanzia siku lilipopitishwa. Na mwenzako usimtaje kabisa, ukishasema "mbona fulani" mazungumzo yameisha, utaonekana una wivu tu. Mimi nilivyokuwa naosha chupa za maabara nilifanya kosa hilohilo, nikatoka pale na glavu zangu na dola zilezile.

*Mhariri, mimi niko daraja la 2, nimelisotea mwaka mzima. Januari serikali ya jimbo imepandisha kima cha chini, sasa wa daraja la 1 aliyekuja jana tunalipwa sawa hadi senti. Ni haki hii? — Nimechoka Maabara*

Pole sana, na hili linawauma wengi kuliko wanavyosema. Iko hivi, kima cha chini cha serikali ya shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, kimekaa hapo tangu Julai 2009, ila majimbo mengi yana chao kilicho juu, California na Washington vimeshapita dola 16. Jimbo likipandisha, chuo kinalazimika kuwainua wa chini, hilo ni sheria, lakini hakuna sheria inayokilazimisha kuinua walio juu yao. Basi daraja la 1 linapanda linalifikia la 2 kama maji ya mafuriko, na nyie mliokuwa ngazi moja juu mnajikuta mko nao sakafuni.

Haki si haki, kisheria hawajakosea. Vyuo vyenye akili vinasogeza ngazi zote kwa pamoja, vingine vinangoja watu waanze kuondoka. Ukienda peke yako utaambiwa "tunalishughulikia". Tafuta wenzako wa daraja la 2 na la 3 mwandike barua moja, muombe jambo moja tu, pengo kati ya daraja na daraja lirudi kama lilivyokuwa. Serikali ya wanafunzi pia ipewe nakala, wale kelele ndiyo kazi yao.

*Habari mhariri. Niko na visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Kila tangazo zuri la kazi naona limeandikwa Federal Work-Study, naomba wananikataa. Ni ubaguzi? — Mgeni*

Hapana ndugu, ni mfuko tofauti. Mpango huo ulianza na sheria ya 1964 enzi za Rais Johnson, serikali inachangia sehemu ya mshahara wa mwanafunzi mwenye uhitaji, na sheria inataka awe raia au mtu wa makundi machache kama wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi. Visa ya F-1 haimo. Wewe tafuta matangazo ambayo idara inalipa kwa hela yake yenyewe, kantini, bwenini, maabara za maprofesa. Daraja halibadiliki kwa sababu ya mfuko, kazi moja inatakiwa ipimwe kwa kipimo kimoja, ukiona umewekwa chini kisa wewe si wa mpango ule hapo sasa uliza.

Na usisahau mwenye F-1 mwisho wake ni masaa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, kazi zote ukijumlisha. Kuna kijana kaniandikia ana kazi mbili za masaa 12, kila bosi anaona 12 yake tu na amelala usingizi. Kijana wangu, hiyo ni 24 na unachezea visa. Na wiki ya mtihani ukifanya 10 haikupi ruhusa ya kufanya 30 inayofuata, kila wiki inahesabiwa yenyewe. Likizo rasmi ndiyo unaweza kufanya masaa kamili.

*Bosi anasema niandike masaa 10 tu hata nikifanya 13 kwa sababu bajeti imeisha, atanipandisha daraja muhula ujao. Nikubali? — Mpole*

Usikubali. Sheria ya kazi ya 1938 inataka saa iliyofanywa ilipwe, bajeti ni tatizo lake. Mjibu kwa imeli, kwa upole wako huohuo, "nimefanya 13, je niandike 13 au kuanzia wiki ijayo niishie 10?" Atachagua mwenyewe, na utakuwa na maandishi. Daraja la ahadi ya mdomo mimi bado sijaliona kwenye karatasi ya mshahara ya mtu.

*Mhariri, mimi ni mkaazi wa kudumu. Kazi ileile, daraja lilelile, masaa yaleyale, lakini kiangazi hiki hela imepungua. Wameniibia? — Dada wa Bwenini*

Dada angu, angalia mstari wa makato kabla hujamvaa mtu. Ukiwa umesajiliwa na unahudhuria masomo, kazi ya chuo chako kwa kawaida haikatwi ile asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya matibabu ya wazee. Kiangazi kama hukuchukua somo hata moja, msamaha unaondoka na makato yanaanza. Kwenye kila dola 100 ni dola 7 na senti 65. Linganisha karatasi ya Aprili na ya Juni, tofauti ikiwa hiyo basi ndiyo yenyewe, ikizidi hapo niandikie tena na usisahau kuniambia ulikuwa umesajili masomo mangapi.