Ukiapishwa uwaziri ubunge unaisha? Jibu kuhusu Kanada ya 1858

Swali: Mkuu, nasoma historia ya Kanada enzi za koloni, naona 1858 George Brown aliunda serikali ikadumu siku mbili tu, eti mawaziri wake hata kura bungeni hawakupiga maana viti vyao vilishakuwa wazi. Inakuwaje mtu anapewa uwaziri halafu anapoteza ubunge?

Jibu: Hujasoma vibaya ndugu yangu, ndo sheria ilivyokuwa. Ilitoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1700, wabunge waliogopa mfalme atawanunua wenzao kwa vyeo vyenye mshahara, basi wakaweka hivi: ukipokea cheo kiti chako kinakuwa wazi hapohapo, ila unaruhusiwa kurudi jimboni kwenye uchaguzi mdogo, wakikurudisha unakaa na vyote viwili. Makoloni yakaibeba. Mara nyingi waziri alipita bila kupingwa, nani achome hela yake kushindana na mtu wa serikali?

Shida ni kura zikibanana. Tarehe 28 Julai serikali ya Macdonald na Cartier, iliyokuwa madarakani kabla ya Brown, ilishindwa kura, ishu ikiwa Malkia kuichagua Ottawa iwe mji mkuu, wakajiuzulu. Brown akaapishwa tarehe 2 Agosti, na kwa kule kuapa tu yeye na mawaziri wake wakawa nje ya bunge, usiku uleule wapinzani wakapitisha kura ya kutokuwa na imani, unategemea nini. Akaomba bunge livunjwe, Gavana Edmund Head akagoma, tarehe 4 kwisha habari.

Sasa utamu uko hapa. Akina Macdonald wamerudi, na wao si waende jimboni? Wapi! Sheria ya 1857 ilikuwa na kipengele kwamba waziri aliyejiuzulu akishika wizara nyingine ndani ya mwezi mmoja harudi kwa wapiga kura, kiliwekwa ili watu waweze kuhamishwa wizara bila usumbufu. Basi tarehe 6 wakaapa vyeo visivyo vyao, Macdonald eti waziri wa posta, kesho yake wakaapa tena kila mtu cheo chake cha zamani na yeye akarudi kuwa mwanasheria mkuu. Wakapelekwa mahakamani, wakashinda. Kisheria walikuwa sawa, ila mi nauita uhuni.

Brown yeye ilibidi agombee kweli, uchaguzi mdogo wa Toronto, Agosti hiyohiyo, akashinda, akarudi bungeni kukaa upande wa upinzani. Na hiyo sheria ya waziri kupoteza kiti, Kanada walikuja kuifuta 1931.