Kuweka 0W-20 kwenye gari ya 5W-30

Kaka, kama kitabu cha gari kinataja oili ya injini ya 5W-30 peke yake, usishuke hadi 0W-20 kwa ajili ya kubana mafuta. Utakachookoa ni asilimia moja au mbili hivi, na upepo mdogo kwenye tairi unaimaliza yote.

Angalia namba ya pili, ndiyo yenye kazi. Ile ya kwanza, yenye W, ni ya baridi: kutoka 5W-30 kwenda 0W-30 hakuna tatizo, ila kwa joto la Dar hutaona faida yoyote. Namba ya pili ni uzito wa oili injini ikiwa imepata moto, nyuzi 100. Hapo ndipo utando wa oili unatenganisha krenki (mhimili wa injini unaozunguka) na beringi. Ukiwa mwembamba kuliko hesabu ya waliounda injini, chuma kinaanza kugusana na chuma, hasa ukipanda mlima na mzigo au ukikaa foleni mchana AC ikiwaka. Injini iliyochoka ndiyo kabisa, presha inashuka na taa ya oili inaweza kuanza kuchezacheza injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta).

Ila soma kitabu vizuri kwanza. Toyota nyingi za petroli kutoka Japani zinaruhusu 0W-20 pamoja na 5W-30 (kimeandikwa Kijapani, lakini namba zinasomeka). Yako ikiwa hivyo, weka tu. Kama umeshamwaga 0W-20 isiyoruhusiwa, endesha taratibu, usibebe mzigo, kabadilishe wiki hii.