Seva imezeeka: itengenezwe au ipumzishwe?

Fundi, seva yetu ina miaka 7. Ina diski mbili za RAID 1, moja imewaka taa ya rangi ya chungwa. Bosi anasema tununue seva mpya. (Mhasibu, Morogoro)

Bosi ashike hela zake kwanza. Diski ni kama tairi la gari, imewekwa pale ikijulikana siku moja itabadilishwa. Kwenye RAID 1 kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, ndiyo maana bado mnatoa ankara kama kawaida.

Ila leo hii, kabla hujagusa kitu, nakili data yote kwenye diski ya nje. Hiyo iliyobaki huenda ilinunuliwa siku moja na mwenzake. Miaka 7 bila kuzimwa ni zaidi ya saa 61,000 za kuzunguka, na kunakili kila kitu kutoka kwake kwenda diski mpya kutaikimbiza usiku kucha. Nyingine hufia hapohapo. Na unapong'oa ile mbovu, soma namba ya tundu lake mara mbili. Niliwahi kuitwa ofisi moja ambako kijana alichomoa diski iliyo salama akaiacha ile mbovu. Wakaandika risiti kwa mkono siku tatu.

Umeme ukikatika, seva ikiwaka tena tarehe imerudi 2012 na hakuna anayeweza kuingia kwenye mfumo. Ndiyo imekufa? (Tanga)

Haijafa, inadai betri. Kuna betri bapa kama sarafu kwenye ubao mama, CR2032, hata wauza saa wanayo. Hiyo ndiyo inayoshika saa umeme usipokuwepo. Mtandao unaotumia Active Directory, mfumo wa Microsoft unaohakiki nani aingie, kwa kawaida unavumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya seva na kompyuta; sembuse miaka.

Lakini nikuulize: mbona umeme ukikatika na seva inazimika? UPS yenu, lile sanduku la betri la kushikilia umeme ukikatika, iko wapi? Kama ipo chini ya meza inapiga kelele tu, betri zake zimekwisha. Nyingi hudumu miaka 3 hadi 5. Zibadilisheni kabla hamjaanza kuilaumu seva.

Yetu inajizima mchana, usiku haina neno. Fundi mmoja kasema ni ubao mama. (Mombasa)

Alifungua kifuniko, au alisemea mlangoni? Mashine inayozima saa ya jua kali ina joto. Itoe kwenye hilo kabati, puliza vumbi, angalia kama feni zote zinazunguka, kisha paka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa.

Ukishafungua, tazama vile vikopo vidogo vilivyosimama. Vikiwa vimevimba vichwa ndani ya pawa saplai, nunua pawa saplai nyingine. Vikiwa vimevimba kwenye ubao wenyewe, au umeona ukijani wa kutu ya chumvi, hapo nakubaliana na mwenzangu, na sitakushauri utafute ubao wa mtumba wa aina ileile. Utakuwa umenunua uzee wa mtu mwingine.

Seva yangu haijawahi kusumbua hata siku moja. Inatumia Windows Server 2012 R2. Kwa nini niiguse? (Arusha)

Kwa sababu chuma ni kizima lakini mlango hauna kitasa. Microsoft walifunga masasisho ya kawaida ya usalama ya toleo hilo tarehe 10 Oktoba 2023. Kama kazi yake ni kuhifadhi mafaili tu, weka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na Samba, programu yake ya kugawana mafaili na kompyuta za Windows; mashine itakutumikia bado. Kama programu yenu ya uhasibu lazima ikae juu ya Windows, piga hesabu ya leseni mpya. Kulipia leseni kisha kuiweka kwenye mashine ya miaka 10 ni kuvalisha suti mpya juu ya viatu vilivyotoboka. Huyu ndiye wa kununua, ingawa yake haijaharibika.

Tumeshanunua mpya. Ya zamani naweza kumpa mpwa wangu ajifunzie? (Dodoma)

Mpe, ila sanduku tu. Faili ulilofuta linaweza kufufuliwa na mtu mwenye programu ya bure, na mle mna majina na simu za wateja, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka uzilinde. Diski zing'oe, zitoboe kwa drili. Mpwa atafute zake.