Kwa wadogo zangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mnaokwenda China kwa mwaka wa lugha

Wadogo zangu mnaojiandaa kuondoka Septemba, mmesoma Kichina Taasisi ya Confucius hapa chuoni, wengine mna HSK, ule mtihani wa Kichina, ngazi ya pili au ya tatu, na kila mtu anawaambia mkifika lugha itakuja yenyewe. Haiji yenyewe. Nimewaona Watanzania waliomaliza mwaka mzima kule wakiongea Kiswahili chumbani, Kiingereza korido, na Kichina kantini tu, tena kwa kunyoosha kidole. Kwa maoni yangu mwaka ule huamuliwa katika wiki mbili za mwanzo, kabla masomo hayajachanganya.

Mtapokewa na waliotangulia, na kwa ukarimu kweli. Kaka atakufuata stesheni, dada atakupeleka kununua laini, mwingine atashinda nawe benki. Wewe umesimama nyuma yao na begi, wao ndio wanaoongea. Wiki ya tatu shughuli zote zimekwisha na hujafungua mdomo, wakati shughuli zile ndizo zilizokuwa somo lenyewe. Mhudumu wa dirishani yupo pale kukusikiliza, na maswali yake yanajirudia: jina, namba ya pasipoti, namba ya chumba, namba ya simu, unasoma chuo gani. Hata mwenye HSK ya pili anayamudu. Waombeni wakubwa wawasindikize, ila wakae pembeni. Na waonyeni mapema, mkiwa bado hosteli, maana foleni ikiwa ndefu kaka hana subira, atakunyang'anya pasipoti aimalize kazi mwenyewe.

Usiku wa kuamkia shughuli, andika sentensi nne au tano utakazohitaji, zisome kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Majibu utayaelewa nusu. Omba arudie polepole, na akirudia, sema ulichoelewa akusahihishe. Programu ya kutafsiri iacheni mfukoni, isipokuwa kwenye karatasi ya kusaini. Hapo msijifunzie lugha.

Mpangilio wa shughuli nao una ujanja wake. Makazi yanatakiwa yasajiliwe polisi ndani ya saa 24 tangu ufike. Ukilala hosteli ya chuo, kwa kawaida ofisi ya wanafunzi wa kigeni inashughulikia, lakini uliza siku hiyohiyo. Ukifikia kwa rafiki mtaani, mzigo ni wako na mwenyeji wako. Viza ya X1, ile ya wanafunzi wa muda mrefu, inakupa siku 30 za kuomba kibali cha kuishi, na ukiomba, pasipoti inabaki ofisini kwao kwa muda. Laini na benki vyote vinadai pasipoti, kwa hiyo vitangulie. Cheti cha afya mlichopimiwa huku bebeni chenyewe halisi, si nakala, na siku ya kupimwa kule nendeni bila kifungua kinywa. Barua ya udahili na fomu ya JW, ile mliyoombea viza, zikae kwenye begi la mkononi.

WhatsApp na Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa kule. Fungueni WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia Wachina, mkiwa bado Dodoma, na mama naye afunguliwe, kwa sababu akaunti mpya mara nyingi inataka kuthibitishwa na mwenye akaunti ya siku nyingi. Laoshi (mwalimu) wako hapa atakusaidia kwa dakika moja.

Sasa masikio. Kiswahili hakibadili maana ya neno kwa sauti kupanda au kushuka, Kichina kinabadili, na mnalijua hilo kutoka darasani. Waliokulia kwenye Kihaya au Kisukuma wana nafuu, kwa sababu lugha zao zina toni. Kinachoshtua ni mtaani: Zhengzhou, kilipo chuo mshirika wa Taasisi yetu, wazee wanaongea lahaja ya Henan, na toni zake si zile za kwenye kitabu. Msidhani mmesahau kila kitu. Mzoeeni kwanza mama wa mapokezi hosteli, yule wanayemwita ayi, yaani shangazi. Anawaona kila siku, hana haraka, na atawauliza kama mmekula. Wanafunzi wenzenu Wachina watataka mbadilishane, wao wapate Kiingereza. Ni sawa, lakini mwezi wa kwanza wakwepeni kiungwana.

Saa pia zitawasumbua. Kipindi cha saa mbili asubuhi wao watakitaja kuwa cha saa nane, na kichwa chenye usingizi wa safari kinaweza kusikia mchana. Wanatutangulia saa tano: mkitoka darasani saa sita mchana, Dodoma ni saa moja asubuhi, muda mzuri wa kumpigia mama kabla hajaenda kazini.

Makoti msinunue soko la Sabasaba hapa Dodoma. Yanatosha kwa Julai ya hapa, ila kule majira ya baridi kipimo kinashuka chini ya sifuri. Joto la mabomba majengoni hufunguliwa katikati ya Novemba, hivyo wiki mbili kabla ya hapo ndizo chumba kinapouma. Koti linunuliwe Oktoba, kulekule, dukani kunakoruhusu kupatana bei. Na kaka asiwepo.