Kuishi kwa kuelezea watu sayansi ukiwa Mtwara

Kuna vijana wananitumia meseji, mmoja kamaliza baiolojia, mwingine kilimo, na wote swali lao moja, kaka ulipataje kazi ya kuelezea watu sayansi. Ukweli kazi ya namna hiyo sijawahi kuipata. Nina vijikazi vinne vitano na vyote vikishikana ndo vinanilisha hapa Mtwara, mwaka wa nane sasa.

Nilianzia redioni, kipindi cha kilimo, bila posho. Siku moja naongelea ubwiriunga wa mikorosho, nimejiandaa kwelikweli, naelezea huo ukungu unavyoshambulia maua na vimbegu vyake vinavyopeperushwa na upepo, akapiga simu mama mmoja wa Tandahimba, "Mwanangu nimekuelewa, ila hiyo dawa ya salfa napuliza asubuhi au jioni?" Hilo nilikuwa sijaligusa kabisa! Bahati nzuri nilishakaa sana na wataalam wa kituo cha utafiti Naliendele, nikamwambia alfajiri mama, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, unga ushike usiende shamba la jirani. Tangu siku hiyo nikiandaa kitu chochote naanza na swali la yule mama, utaalam unafuata nyuma.

Na jibu lile lile ndo limenipa kazi zingine. Nililiandika kwenye karatasi moja nikabandika ofisi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mtu wa mradi akaiona akanipa vipeperushi vya kutafsiri, vipeperushi vikanifikisha kwenye mafunzo ya mabwana shamba. Kwahiyo kazi ikiisha usiitupe, igeuze. Nilifanya kipindi cha mjusi wa Tendaguru kule Lindi, yaani dinosaria, Wajerumani walivyochimba kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani na watu wetu mpaka bandarini, leo mmoja kasimamishwa makumbusho Berlin na kwenda juu anapita mita 13. Sa hivi ni somo la shuleni, tunalaza kamba ya mita 13 uwanjani watoto wanaipima kwa hatua zao, na somo hilo nalipwa.

Halafu lugha, jamani. Chikungunya, homa inayoletwa na mbu, ilitambuliwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 huku huku uwanda wa Makonde, na jina lenyewe ni Kimakonde, la kujikunja, manake viungo vinauma mpaka mgonjwa anatembea kajikunja. Madaktari dunia nzima wanatumia neno la bibi zetu, afu sisi tukienda kijijini tunawahutubia watu kama hawajui kitu, inaniuma sana. Uliza kwanza wao wanakiitaje, andika kwenye daftari. Daftari langu hilo ndo wateja wa tafsiri wanalilipia, kuliko hata cheti.

Kuhusu hela, kuna waliowahi kunikalisha miezi mitano bila malipo kwa sababu tulikubaliana kwa mdomo. Sasa hivi naandikishana kwanza na nusu naipokea kabla sijaanza. Na panga kwa msimu, Juni mpaka Agosti wakulima wanapuliza, redio na mashamba yanakuhitaji, masika barabara zikiharibika kaa ndani utafsiri.

Ukialikwa kipindi chako cha kwanza nenda hata kama hakina posho, ila uliza kama wanapokea simu za wasikilizaji.